Raba za Habu ya Nyuma ya Pikipiki: Kuzipima, Kuzifufua na Kuzibadilisha

Pikipiki inayogonga "kak" kila unapotia mafuta, kisha ikagonga tena unapoachia, mara nyingi huhukumiwa kwa kosa lisilo lake. Mwenye nayo huambiwa kwamba giaboksi imekwisha, au klachi, au cheni. Hununua seti nzima ya cheni na sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni), hulipa ufundi, na akifika barabara kuu sauti ipo palepale. Kabla hujakubali kufunguliwa injini, fungua habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Ndani yake mna vipande vya raba ambavyo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na cheni au gia, na ndivyo vinavyopokea kila mshtuko unaopita kati ya injini na tairi.

Mwongozo huu unahusu pikipiki ndogo za cheni zenye breki ya ngoma nyuma, za aina ya Bajaj Boxer, TVS HLX na nyingine zinazofanana nazo, ambazo ndizo zinazobeba abiria, magunia na kreti za soda katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Yeyote anayeweza kutoa gurudumu la nyuma ili kuziba pancha anaweza kuifanya kazi hii, kwa kuwa kinachoongezeka ni uangalifu tu.

Kazi ya raba hizi

Injini ya silinda moja yenye mipigo minne huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo nguvu yake haitiririki kama maji, bali huja kwa ngumi, moja baada ya nyingine, na ngumi hizo huonekana zaidi pale injini inapozunguka taratibu huku ikiwa imebeba mzigo. Kama sproketi ingefungwa moja kwa moja kwenye habu, kila ngumi ingepita kwenye meno ya gia, kwenye pini za cheni na kwenye spoki bila kupunguzwa. Pikipiki za mashindano ya motokrosi hujengwa hivyo, lakini hukimbia kwenye udongo uliolegea ambako tairi lenyewe huteleza na kupunguza mshtuko. Pikipiki ya lami na changarawe ngumu haina bahati hiyo.

Ndiyo maana sproketi hufungwa kwenye kipande kingine, ambacho hapa nitakiita kibebeo, chenye vidole vinene vinavyoingia ndani ya habu. Habu nayo imegawanywa vyumba kwa kuta za alumini. Kila kidole hukaa kati ya raba mbili, moja mbele yake na nyingine nyuma yake, hivyo chuma hakigusi chuma hata mara moja. Unapotia mafuta, kidole huibana raba ya upande mmoja. Unapoachia mafuta na injini ikaanza kuizuia pikipiki, hasa kwenye mteremko, kidole hurudi na kuibana ya upande wa pili. Idadi ya vipande hutofautiana kwa modeli, na katika baadhi ya modeli raba mbili jirani huunganishwa kwa utando mwembamba ili zitoke na kuingia pamoja. Ziko pia habu, hasa za baadhi ya Honda za zamani, ambazo badala ya vyumba zina bushi za mviringo zilizoshindiliwa kwenye matundu, na pini za sproketi hupenya katikati yake. Hizo hazifufuliwi kwa namna nitakayoeleza, bali hutolewa na kushindiliwa mpya kwa vaisi au mashine ya kubana.

Raba ya upande wa kuvuta huchoka kwanza, na sababu zake unazijua: kuachia klachi ghafla ukiwa na abiria wawili, kupanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikitetemeka, na cheni iliyokazwa kupita kiasi. Lakini zipo sababu mbili zisizosemwa sana. Ya kwanza ni joto, kwa kuwa ngoma ya breki ni sehemu ya habu ileile, na mwendeshaji anayeshuka mlima mrefu akikanyaga breki ya nyuma tu anazipika raba zake polepole. Ya pili ni mafuta. Oili chafu inayomwagwa kwenye cheni kwa wingi huruka, huingia kwenye mwanya ulio kati ya kibebeo na habu, na raba hulainika na kuvimba hadi kuwa kama ubani uliotafunwa.

Kipimo kabla ya kufungua chochote

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali palipo sawa, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa nyutro. Mwombe mtu akanyage breki ya nyuma na kuishikilia, au funga pedali kwa kamba ya mpira. Sasa gurudumu limetulia. Shika sproketi yenyewe, wala si cheni, uizungushe kidogo mbele na nyuma kwa mikono miwili. Chukua kitambaa, maana meno yaliyochakaa hukata.

Raba nzima hukupa ukinzani tangu mwanzo: sproketi husogea kidogo sana, kwa kunyumbuka, na ukiiachia hurudi ilipokuwa. Raba zilizochoka hukupa kwanza mwendo wa bure, sproketi ikicheza bila kuzuiwa na kitu, kisha ndipo inapogonga. Chora alama ya chaki kwenye jino moja na nyingine kwenye habu mkabala nalo, ili uone mwendo huo kwa macho badala ya kuukisia. Mimi nikikuta mwendo wa bure unaofika milimita 3 kwenye ncha ya meno huifungua habu siku hiyohiyo, na nikikuta zaidi ya milimita 5 humshauri mwenye pikipiki asichukue abiria hadi iwe imeshughulikiwa.

Usipime kwa kuweka gia ya kwanza na kulitikisa gurudumu, kama wengi wanavyofanya. Kipimo hicho hujumlisha ulegevu wa cheni, nafasi ya kawaida iliyomo kati ya meno ya gia, na uchakavu wa sproketi ndogo ya mbele, kwa hiyo hakikuambii lolote kuhusu raba peke yake.

Ukiwa umeishika sproketi, ivute pia kuelekea kwako na uisukume ndani. Ikiyumba kwa upande, mshukiwa ni beringi ya kibebeo au nati za sproketi zilizolegea, na raba mpya hazitaondoa tatizo hilo.

Kutoa gurudumu

Andaa spana kuanzia namba 10 hadi 24, koleo, nyundo ya plastiki au ya mpira, brashi, sabuni ya kufulia, vitambaa, grisi ya beringi na kotapini mpya, yaani pini ya miguu miwili inayozuia nati isifunguke. Piga picha za pande zote mbili kabla ya kugusa nati ya kwanza, maana picha hizo hazigharimu chochote na zimeniokoa mara nyingi. Hesabu pia alama za kikaza cheni kila upande na uziandike.

Anza na breki. Fungua nati iliyo mwisho wa rodi ya breki, vuta rodi itoke kwenye mkono wake, kisha rudisha springi, pini na nati kwenye rodi hiyohiyo ili zisipotee mchangani. Toa kotapini na bolti ya chuma kile kirefu kinachozuia kifuniko cha breki kisizunguke. Kikumbuke chuma hiki, kwa kuwa tutakirudia.

Hapo tazama kwa makini upande wa cheni. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo kuna nati mbili: moja ni ya ekseli, na nyingine kubwa zaidi, iliyo nyuma yake, hukishikilia kibebeo cha sproketi kwenye mkono wa nyuma wa chasisi. Mpangilio huu ni zawadi kwa fundi, kwa sababu ukifungua nati ya ekseli tu na kuchomoa ekseli, gurudumu hutoka peke yake huku sproketi na cheni zikibaki mahali pake, na raba zinakuwa wazi mbele yako. Kama nati ni moja, ilegeze pamoja na vikaza cheni, sukuma gurudumu mbele, ondoa cheni juu ya sproketi, halafu chomoa ekseli. Ikiwa cheni haina nafasi ya kutosha, fungua klipu ya kiungo chake, na ukumbuke kwamba wakati wa kurudisha, upande wa klipu uliofungika ndio unaotangulia kuelekea cheni inakokwenda.

Ekseli inapotoka, bushi za pembeni huanguka. Zipange chini kwa mfuatano na upande zilikotoka. Bushi inayosahaulika zaidi ni ile ndogo iliyomo ndani ya beringi ya kibebeo. Pasipo hiyo, ukikaza ekseli unaibana beringi kwa upande, nayo hufa baada ya muda mfupi.

Kuzisoma raba

Laza gurudumu upande wa breki ukiwa chini, kisha vuta kibebeo juu kwa mikono. Kama kimeng'ang'ania, kigonge taratibu kwa nyundo ya plastiki kuzunguka ukingo wake wote, kidogo hapa na kidogo pale. Usichomeke bisibisi kwenye mwanya na kukibenua, kwa kuwa alumini ni laini na alama utakazoacha zitapitisha maji na vumbi maisha yote ya habu hiyo.

Kabla ya kutoa raba hata moja, zipe namba kwa chaki, na uweke alama ya mshale kwenye upande unaopokea nguvu ya kuvuta. Kisha zitoe. Vumbi jeusi laini lililojaa chini ya vyumba ni raba iliyosagika, nalo ni ushahidi wa kutosha. Bonyeza kila kipande kwa ukucha: kizuri hubonyea na kurudi, kilichokufa huwa kigumu na king'aavu kama kisigino cha kiatu cha zamani, na kilicholoa mafuta hubaki na alama ya ukucha. Kikunje kidogo uone kama kuna nyufa kwenye pembe. Linganisha unene wa upande wa kuvuta na wa upande wa pili, lakini uwe mwangalifu, kwa sababu katika baadhi ya modeli raba hizo hutengenezwa kwa unene tofauti tangu kiwandani.

Usiishie kwenye raba. Pitisha kidole kwenye kuta za alumini za habu na kwenye vidole vya kibebeo. Kuta zilizolika hadi kuwa na mabonde zina maana kwamba pikipiki imetembea muda mrefu chuma kikigonga chuma, na hapo raba mpya zitacheza ndani ya vyumba vilivyopanuka. Ukiona ufa kwenye mzizi wa kidole chochote cha kibebeo, kibebeo hicho hakirudi barabarani. Zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza au ikikwama, ibadilishe sasa, na namba yake utaikuta imechongwa kwenye ukingo wake.

Niliwahi kufungua habu ya bodaboda ambaye alikuwa amekwisha kulipia kazi ya giaboksi mara mbili. Ndani ya vyumba hamkuwa na raba hata moja iliyo nzima. Mlikuwa na vipande vya ndala za bluu, vimekatwa kwa kisu na kukandamizwa hadi kuwa bapa kama chapati. Aliyeviweka alikuwa na wazo sahihi kwa nyenzo isiyofaa, kwa kuwa sponji ya ndala imejaa hewa, na hewa hiyo ikishabanwa mara kadhaa hairudi tena.

Safisha vyumba na raba kwa maji ya sabuni na brashi, kisha zikaushe kabisa. Usitumie petroli. Inasafisha haraka, lakini mpira wa asili huvimba na kulainika unapokutana nayo, na utakuwa umeziua raba ambazo pengine zilikuwa na mwaka mwingine ndani yake.

Kufufua kwa tyubu

Ushauri wangu ni kununua raba mpya kila zinapopatikana. Hata hivyo kuna siku duka lenye modeli yako liko kilomita 80, na pikipiki ndiyo inayolisha nyumba. Ikiwa raba hazijapasuka, hazijaloa mafuta, ila zimepungua unene tu, zinaweza kuongezewa maisha.

Tazama kwanza kama kila kipande kina umbo sawa pande zote mbili. Kama ndivyo, vigeuze au vibadilishane nafasi, ili uso ambao ulikuwa ukipokea breki ya injini sasa upokee nguvu ya kuvuta. Mara nyingine hilo peke yake huondoa nusu ya mwendo wa bure bila kuongeza kitu.

Baadaye chukua tyubu kuukuu ya baiskeli au ya pikipiki, uioshe poda na mafuta yote, na ukate vipande vyenye urefu na upana wa uso wa raba, pungufu kidogo kila upande. Tyubu ya baiskeli ni nyembamba kuliko ya pikipiki, hivyo ukiwa nazo zote mbili unaweza kuchagua unene unaohitajika. Rudisha raba kwenye vyumba, ingiza kibebeo, kizungushe mpaka kiguse upande mmoja, halafu jaribu ni tabaka ngapi za tyubu zinazojaza mwanya uliobaki bila kulazimisha. Hicho ndicho kipimo chako.

Weka vipande kati ya raba na ukuta wa habu, wala si kati ya raba na kidole cha kibebeo, kwa sababu ukuta na raba havisuguani sana, ilhali kidole huingia kwa kuteleza na kitakikunja kipande hadi chini. Mimi huviweka kwenye upande wa breki ya injini, ambako mgandamizo ni mdogo, ili raba nene ibaki ikipokea ngumi za kuvuta. Tone la gundi ya pancha linatosha kukishikilia kipande kisianguke wakati wa kufunga.

Kanuni isiyo na msamaha ni hii: vyumba vyote vipate unene ulio sawa. Ukijaza vitatu na kuacha cha nne, vidole vitatu vitabeba kazi ya vinne. Na usijaze kupita kiasi. Kibebeo kinapaswa kuingia kwa kusukumwa kwa viganja na uzito wa mwili. Ikibidi ukipige nyundo ndipo kikae, umezidisha, nacho kitakaa kimeinama, kitaipindisha sproketi na kuila beringi. Kipande cha tairi, mkanda wa plastiki ngumu au ubao havina nafasi humu hata kidogo, kwa kuwa hujaza mwanya bila kunyumbuka, na hapo umerudi kwenye chuma kugonga chuma.

Kuweka raba mpya

Nenda dukani na raba yako ya zamani mkononi, kwa sababu majina ya modeli hufanana lakini vyumba vya habu havifanani. Linganisha urefu, unene na umbo la pembe. Raba nzuri ni nzito kidogo mkononi na hunyumbuka kwa ukaidi. Ile inayotoa unga mweusi ukiisugua kwa kidole, au yenye mabaki mengi ya kukatwa kwenye kingo, irudishe kaunta.

Raba mpya hubana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Zipake maji ya sabuni, zisukume hadi zikae chini kabisa kwenye kila chumba, kisha paka maji hayohayo kwenye vidole vya kibebeo na ukisukume kwa usawa kuzunguka ukingo wake. Oili ya injini na grisi ya kawaida zisiguse raba. Kama habu yako ina oringi kati yake na kibebeo, irudishe, au ibadilishe ikiwa imekatika, kwa kuwa ndiyo inayozuia matope.

Kurudisha na kujaribu

Tia grisi kidogo kwenye ekseli na kwenye midomo ya sili, panga bushi kama picha zako zinavyoonyesha, kisha ingiza gurudumu. Rudisha cheni na uweke vikaza kwenye alama ulizoandika. Pima ulegevu katikati ya cheni ya chini, ukizungusha gurudumu kutafuta mahali inapokaza zaidi, na kwa pikipiki nyingi ndogo ulegevu unaotakiwa pale ni milimita 20 hadi 30, isipokuwa kijitabu chako kikisema tofauti. Kama kuna nati kubwa ya kibebeo, ikaze kabla ya nati ya ekseli. Kaza ekseli kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kijitabu, halafu rudia kupima cheni, maana kukaza huivuta.

Sasa kile chuma cha kuzuia kifuniko cha breki. Kirudishe, kaza bolti yake, weka kotapini mpya na ufungue miguu yake. Chuma hiki kikisahaulika, mara ya kwanza utakapokanyaga breki kifuniko chote huzunguka pamoja na gurudumu, rodi hupinda au kukatika, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa katikati ya magari. Nimelitaja jambo hili mara ya pili kwa makusudi. Rekebisha pia nafasi ya pedali ya breki, hakikisha gurudumu linazunguka bila kukwama, na uone kama taa ya breki inawaka kwa wakati wake.

Rudia kile kipimo cha mwanzo, breki ikiwa imeshikwa na sproketi mikononi. Kisha toka polepole, bila abiria, kwenye barabara tulivu. Katika gia ya pili tia mafuta na uachie, tia na uachie. Pikipiki inapaswa kuitika kwa ulaini, na mlio wa cheni upungue.

Baada ya kilomita 100 angalia ekseli, nati za sproketi na ulegevu wa cheni, kwa kuwa raba mpya hukaa vizuri zaidi baada ya kazi. Kwa raba za kawaida, zitazame kila unapotoa gurudumu kwa ajili ya tairi au viatu vya breki. Zile ulizoziongezea tyubu zipime kila unaporekebisha cheni, na zikianza kutoa vumbi jeusi kwenye ukingo wa kibebeo, usikate tyubu nyingine. Nunua seti mpya.